Kuchana, Hipuhopu na Umanju: Uhakiki wa Majina Tuliyoupa Muziki wa Vijana

Miongoni mwa maneno ambayo watafsiri, walimu na watumishi wa serikali huyatumia kila siku bila ya kuyapima, yamo majina ya muziki wa vijana. Muziki huo umekwisha kuitwa "muziki wa kufokafoka", ukaitwa "muziki wa kizazi kipya", ukaitwa "Bongo Fleva", na wengine wakauita "rapu" au "hipuhopu" kana kwamba maneno hayo mawili ni pacha. Katika makala haya tunakusudia kuyachambua majina hayo moja moja, tuone lipi linabeba maana na lipi linaipoteza.

Kipimo chetu cha kwanza ni maoni ya wakongwe wa sanaa yenyewe, kwa kuwa mwenye kazi ndiye ajuaye viungo vyake. Kipimo cha pili ni Ziba, katika wilaya ya Igunga, mkoa wa Tabora. Tumechagua Ziba kwa sababu istilahi ya taifa haitungwi kwa ajili ya Dar es Salaam peke yake. Neno lisiloweza kufundishwa na mwalimu wa Ziba, mbele ya watoto ambao nyumbani husema Kinyamwezi au Kisukuma, bado halijawa neno la taifa, hata likichapwa katika orodha gani.

Dai la wakongwe

Wakongwe wa sanaa hii hutofautiana katika mengi, lakini katika jambo moja wanakubaliana: rapu ni tendo, hipuhopu ni maisha. Aliyelieleza dai hili kwa bidii kuliko wengine ni Mmarekani Lawrence Parker, ajulikanaye kwa jina la KRS-One, mtu wa Bronx mjini New York, ambaye alianza kusikika duniani mwaka 1987 kwa albamu ya Criminal Minded ya kundi la Boogie Down Productions. Kwa mafundisho yake, rapu ni kazi ya kinywa ambayo mtu yeyote aweza kujifunza na kuiuza, bali hipuhopu ni namna ya kuishi yenye historia, adabu na wajibu wake. Mwaka 2001 yeye na wenzake walitoa Azimio la Amani la Hipuhopu. Sisi tuliolelewa katika nchi ya maazimio twajua maana ya jambo hilo: watu hawaandiki azimio kwa ajili ya mtindo wa kuimba, huliandika kwa ajili ya jamii inayojiona kuwa jamii.

Historia nayo inaliunga mkono dai hilo. Usiku wa tarehe 11 Agosti 1973, katika jengo namba 1520 la Sedgwick Avenue huko Bronx, kijana mzaliwa wa Jamaika aitwaye Kool Herc alipiga santuri katika dansa iliyoandaliwa na dada yake ili apate fedha za nguo za shule. Wapenzi wengi wa hipuhopu huuhesabu usiku ule kuwa mwanzo wake. Msomaji ataona kwamba nyota wa usiku ule alikuwa mpiga santuri, na waliomfuata kwa shangwe walikuwa wachezaji. Msema maneno alikuwa msaidizi tu. Kwa hiyo mtafsiri anayeandika kwamba hipuhopu ni "aina ya uimbaji" amekichukua kiungo kimoja, tena kile kilichochelewa kukua, akakipa jina la mwili mzima.

Kwetu Tanzania dai hilo halikuletwa kwa hotuba. Lilikuja polepole, ndani ya kazi zenyewe. Mwaka 1991 Saleh Jabir alichukua mdundo wa wimbo wa Vanilla Ice uliovuma sana wakati ule, akautilia maneno ya Kiswahili. Hapo palikuwa na rapu, yaani tendo: mdundo ni wa kuazima na maneno ni yetu. Mwaka 1993 vikundi vya vijana wa Dar es Salaam vikaungana kuwa Kwanza Unit. Hawa hawakutosheka na tendo. Walijitungia hata nchi ya fikra waliyoiita Kwanzania, na albamu yao ya mwaka 1999 ikaitwa Kwanzanians, yaani wananchi wa nchi hiyo. Jina la namna hiyo haliwi la waimbaji tu. Ni la watu wanaodai uraia.

Aliyeliweka dai hilo wazi zaidi kwa Kiswahili ni Joseph Mbilinyi, aliyejulikana kwa jina la Mr. II na baadaye Sugu. Tutazame majina ya albamu zake tu, maana majina hayo yenyewe ni kama faharasa fupi. Ya mwaka 1995 inaitwa Ni Mimi. Ya mwaka 1996 ni Ndani ya Bongo, na ya mwaka 1999 ni Nje ya Bongo. Ya mwaka 2001 inaitwa Muziki na Maisha, na ya mwaka 2002 inaitwa Itikadi. Tukiyasoma kwa mfululizo, twaona mtu anayeanza na nafsi yake, akaenda kwenye mahali pake, akafika kwenye fikra zake. Jina la Muziki na Maisha linayaweka kando kwa kando mambo mawili yale yale ambayo wakongwe wanataka tuyatenganishe: muziki ndio rapu, maisha ndiyo hipuhopu, na kiunganishi "na" kinaonyesha kwamba hayaachani wala si kitu kimoja. Hata jina la Sugu lina mafunzo. Sugu ni ile ngozi ngumu ambayo mkulima wa pamba wa Igunga anayo kiganjani kwa sababu ya mpini wa jembe; haipatikani kwa tendo la siku moja.

Majina tuliyoyatoa

Sasa tuyapime majina yetu kwa dai hilo.

Kwanza, "muziki wa kufokafoka". Jina hili lilienea sana magazetini katika miaka ya 1990, na mpaka leo halijafutika. Kufoka ni kusema kwa ukali na kwa sauti ya juu. Maziwa nayo hufoka yanapochemka yakamwagika nje ya sufuria. Aliyelitoa jina hili alikuwa mtu wa nje aliyesikia sauti asisikie maneno. Isitoshe, katika Kiswahili kurudia kitenzi mara nyingi hupunguza heshima ya tendo: kuimbaimba si kuimba, na kusemasema si kusema. Kwa hiyo "kufokafoka" limedharau mara mbili, mara moja kwa kitenzi na mara ya pili kwa kukirudia. Zaidi ya dharau, jina hili si la kweli. Katika "Ndio Mzee" ya mwaka 2001, Joseph Haule, yaani Professor Jay, anajivika sauti ya mwanasiasa jukwaani anayewaahidi wananchi mambo yasiyowezekana. Hakuna anayefoka hapo. Kuna mtu mpole, mchangamfu, mwenye maneno matamu, na ubaya wake umo katika utamu huo huo. Mwalimu aliyekwisha kumwambia mwanafunzi kwamba huu ni muziki wa kufokafoka atawezaje kumwonyesha kejeli iliyosemwa kwa upole?

Pili, "muziki wa kizazi kipya". Jina hili lina adabu, nasi tunalishukuru kwa hilo. Lakini ni jina la kalenda, na kalenda haimsubiri mtu. Joseph Mbilinyi alizaliwa mwaka 1972, Joseph Haule mwaka 1975. Wa kwanza alikuwa mbunge wa Mbeya Mjini kuanzia mwaka 2010 hadi 2020. Wa pili alikuwa mbunge wa Mikumi kuanzia mwaka 2015 hadi 2020. Walioitwa kizazi kipya wana wana wao, na wana hao wana muziki wao. Istilahi inayohitaji kubadilishwa kila baada ya miaka ishirini haistahili kuingizwa katika kamusi ila kama kumbukumbu.

Tatu, "Bongo Fleva". Jina hili lilizaliwa redioni katikati ya miaka ya 1990, na mara nyingi hutajwa mtangazaji Mike Mhagama wa Radio One kuwa ndiye aliyelianzisha. Muundo wake ni wa busara. Bongo, yaani akili, ni jina la utani la Dar es Salaam na baadaye la nchi nzima, kwa kuwa asiyetumia akili haishi humo. Fleva ni ladha. Jina limekubaliwa na wananchi bila ya kamati yoyote, na sisi hatuna ugomvi nalo. Ila tuseme wazi kwamba halitafsiri hipuhopu. Ladha ni sifa ya kitu kinacholiwa. Aidha, tangu miaka ya 2000 uimbaji wa sauti tamu umeutawala muziki huo, hata nyimbo nyingi zinazoitwa Bongo Fleva leo hazina mstari hata mmoja wa rapu. Ndiyo maana wakongwe kadha wa kadha hukataa kuitwa wanamuziki wa Bongo Fleva, na watangazaji huwaona kuwa wana kiburi. Si lazima kiwe kiburi. Wanalalamikia istilahi.

Nne, "rapu" na "hipuhopu" kutumiwa kama visawe. Hili ndilo kosa la watafsiri hasa. Katika makala moja mtafsiri huandika rapu aya ya kwanza na hipuhopu aya ya pili ili asirudie neno, kama vile mwandishi mwingine anavyobadilisha "gari" na "motokaa". Kwa kufanya hivyo amefuta hoja yote ya wakongwe. Msomaji wa Kiswahili akikutana na sentensi isemayo kwamba rapu si hipuhopu, ataiona kama upuuzi.

Twende Ziba

Huenda baadhi ya wasomaji wakasema kwamba tofauti hii ni ya Wamarekani, na kwamba kwa mtu wa Ziba ni anasa tupu. Sisi tunaona kinyume chake. Mtu wa Ziba anaielewa tofauti hii kuliko mtu wa mjini, kwa sababu ngoma za kwao zimeijua tangu zamani.

Kaskazini ya Ziba, Usukumani, kuna vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, Bagika na Bagalu, ambavyo asili yake hutajwa kuwa ni mahasimu wawili, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno pande mbili hukutana uwanja mmoja, zikacheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule anayewavuta watazamaji wengi zaidi upande wake. Ndani ya chama mna watunzi, wachezaji, mavazi, dawa, mafunzo na nyimbo za kumkejeli mpinzani. Mtu aweza kuuimba wimbo wa Bagika njiani akienda shambani, lakini kwa kuuimba tu hajawa mmoja wa Bagika. Kuimba ni tendo. Kuwa wa Bagika ni kuingia, kufundwa, kuvaa na kushindania jina. Mwalimu anayetaka kueleza dai la KRS-One hahitaji kuvuka bahari. Mfano upo nyuma ya shule.

Ndani ya ngoma hiyo yupo mtu mmoja ambaye hatuna budi kumtazama kwa makini, naye ni manju. Kiswahili kinalo neno hili kwa maana ya mtunzi na kiongozi hodari wa ngoma. Wasukuma humwita ningi. Huyu si mwimbaji tu. Ndiye anayetunga, anayeanzisha, anayeujua umati umechoka lini na umepamba moto lini, na ndiye anayejibu tusi la upande wa pili palepale bila ya kuandika. Watu wa Tabora wanamkumbuka Mwinamila na kundi lake la Hiari ya Moyo, na wanajua kwamba jina la kundi lilisimama kwa sababu ya manju wake. Sasa wakongwe wa hipuhopu hutenganisha pia kati ya rapa, yaani mtu awezaye kutamka maneno juu ya mdundo, na yule wanayemwita emsii, mwenye kuutawala umati na kuibeba sanaa. Sifa wanazompa emsii ndizo hizo hizo tunazompa manju.

Kwa nini basi tusiseme "emsii" tu? Kwa sababu neno hilo limekwisha kushikwa. Katika Tanzania nzima emsii ni mtu anayeendesha sherehe ya harusi, ambaye kwa Kiswahili sanifu ni mshereheshaji. Ukimwambia mzee wa Ziba kwamba mtoto wake amekuwa emsii, atauliza arusi iko wapi.

Njia ya misafara na njia ya maneno

Hatutakuwa wa kwanza kuchukua neno kutoka bara la magharibi. Ile njia ya zamani ya misafara kutoka Bagamoyo, kupita Ugogo, hadi Tabora na Ujiji, ilibeba pembe na vitambaa, lakini ilibeba maneno pia. Kiswahili kilifika Unyamwezi kwa mdomo wa wapagazi na wafanyabiashara kabla ya kufika kwa kitabu cha shule. Na maneno yaliyotembea katika njia ile yalibadilika yakiwa safarini. Posho ilikuwa chakula cha pagazi cha kumfikisha kambi ya pili; leo ni fedha anayolipwa mtumishi wa serikali akienda kikazi au kwenye semina. Hongo ilikuwa ushuru halali aliotozwa mwenye msafara na mtawala wa nchi aliyoipita. Leo ni kosa la jinai. Hapakuwa na kamati iliyokaa kuyabadilisha. Yalibadilishwa na miguu ya watu.

Tena neno Ikulu, ambalo mtumishi wa serikali huliandika kwa herufi kubwa, ni neno la Kinyamwezi na Kisukuma la makao ya mtemi. Kung'atuka kumetoka Kizanaki kwa njia ya Mwalimu Nyerere. Maneno haya hayakukaa kwa sababu yalitangazwa tu. Yalikaa kwa sababu yalikuwa na kazi ambayo neno jingine halikuweza kuifanya. Na manju halihitaji hata kuhamishwa, maana limo katika Kiswahili tayari. Linahitaji kurudishwa kazini.

Kuhusu tendo lenyewe, yaani rapu, vijana wamekwisha kutupa neno nalo ni "kuchana". Husema "kuchana mistari". Wengine wamelidharau neno hili kwa kuwa limetoka mtaani. Sisi tumelipima na tumeliona zuri. Kuchana nywele ni kuzipitisha kitana ili zilizosokotana zitengane, kila moja ilale mahali pake. Na mchanaji mzuri ndivyo anavyoyafanya maneno, huyapitisha kwenye mdundo hata yale mazito yakalala. Kuchana karatasi ni kuipasua. Na kumchana mtu, kwa lugha ya leo, ni kumwambia ukweli bila ya kumzungusha. Maana zote tatu zinafaa: ufundi, nguvu na ukweli. Kutokana na kitenzi hicho tunapata mchanaji na uchanaji. Tunashauri umbo la mchanaji, wala si "mchana", ili msomaji asidhani tunazungumzia saa za jua.

Hipuhopu na liwe hipuhopu. Jina la utamaduni wenye asili yake halitafsiriwi, hukaribishwa. Waswahili hawakuitafsiri taarabu ilipofika Unguja katika karne ya kumi na tisa, na leo hakuna anayeiita ya kigeni. Wala hawakuzitafsiri rumba na jazi. Kuliita hipuhopu "utamaduni wa vijana" ni kurudi kwenye kosa la kalenda.

Vikwazo kwa mtafsiri

Hata hivyo hatusemi kwamba kila neno la wakongwe lipokewe kama lilivyo. KRS-One anahesabu viungo tisa vya hipuhopu. Vitano vya kwanza havina tabu: dansi ya breki, umanju, michoro ya ukutani, upigaji santuri, na kuiga midundo kwa mdomo. Vinne vya mwisho vinahusu mavazi, lugha, maarifa na biashara, na vyote vinne vinabeba sifa ya kuwa vya "mtaani". Hapa mtafsiri ajihadhari. Katika sheria zetu mtaa ni sehemu ya mji na una mwenyekiti wake. Huko Ziba kuna vijiji na vitongoji. Na hata mjini, mtu wa Kiswahili akisema "mtaani kwetu" anakusudia majirani, wazee, msiba na harusi. Hakusudii barabara yenye hatari. Kwa hiyo "maarifa ya mtaani" kwa Kiswahili ni maarifa ya ujirani. Maana hiyo si ya Bronx hasa, nasi twaiona ni bora kwetu kuliko ile ya kwao. Lakini mtafsiri ajue kwamba amebadilisha kitu, asibadilishe kwa bahati mbaya.

Jambo la pili la kuwatahadharisha wakongwe wenyewe ni neno "halisi". Baadhi yao hulitumia kama rungu: hii ni hipuhopu halisi, ile si halisi. Tofauti kati ya tendo na maisha ni tofauti ya maana, na ni ya kweli. Tofauti kati ya halisi na isiyo halisi mara nyingi ni ya umri na ya soko tu. Bagika hawakumshinda Mgalu kwa kumwambia kwamba ngoma yake si halisi. Walimshinda uwanjani, watazamaji walipohama. Mkongwe anayetaka dai lake liheshimiwe alitumie kufundisha, asilitumie kufungia mlango.

Jambo la tatu ni la watafsiri wa Kiswahili kwenda lugha nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kundi la Kalamashaka, vijana wa Dandora mjini Nairobi, walitoa wimbo ulioitwa "Tafsiri Hii". Jina hilo ni amri, tena ni dhihaka kwa watu wa kazi yetu. Linasema kwamba maneno haya yamesimama mahali pake, nawe ukiweza yatoe hapo. Kazi ya uchanaji imejaa maneno yenye maana mbili, na sehemu kubwa ya utamu wake hufia mpakani. Mtafsiri mwaminifu ataeleza pale asipoweza kutafsiri.

Faida ya jina sahihi

Msomaji aweza kuuliza kama jambo hili linastahili kurasa zote hizi. Tunajibu kwamba jina ndilo mlango, na kila mlango una ofisi yake.

Mlango wa kwanza ni shule. Katika fasihi simulizi walimu wetu hufundisha maghani, na ndani yake majigambo, ambamo mtu hujisifu kwa ushairi alioutunga mwenyewe. Wahaya wana vivugo vyao, na makabila mengine yana yao. Uchanaji unaingia humo bila ya kulazimishwa: husemwa katikati ya kuimba na kunena, hutungwa na msemaji mwenyewe, na majina kama Ni Mimi au Niite Mr. II, albamu ya mwaka 1998, ni majigambo tangu kwenye jalada. Mwanafunzi wa Ziba anayeandika mistari nyuma ya daftari lake la hesabu huambiwa kwamba anapoteza muda kwa kufokafoka. Angeambiwa kwamba anatunga majigambo, angepewa vina na mizani vya kujipima, na mwalimu angekuwa na la kusahihisha.

Mlango wa pili ni ofisi. Baraza la Sanaa la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1984 ili kukuza sanaa na kuzisimamia. Mtumishi anayeandika barua ya kibali au taarifa ya utamaduni ya wilaya huandika kwa maneno aliyonayo. Kama neno pekee alilo nalo ni "burudani ya vijana", mkutano wa mafunzo, mashindano ya wachoraji na dansa la usiku vyote vitakuwa kitu kimoja katika jalada lake, na vitapata jibu moja.

Mlango wa tatu ni haki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi kwa haki yake na mwonyeshaji kwa haki yake. Katika uchanaji mtu mmoja mara nyingi ndiye mtunzi wa maneno na ndiye mwonyeshaji, naye mtayarishaji wa mdundo ni mwingine. Tukisema kwamba mchanaji anafoka tu, tumemnyima utunzi kabla hajafika mbele ya hakimu, maana anayefoka hatungi.

Mapendekezo

Kwa sababu hizo tunapendekeza yafuatayo yafikiriwe na wasomaji wetu kabla ya kupelekwa kwenye orodha:

(1) Kuchana, mchanaji na uchanaji vitumike kwa tendo; rapu na rapa yabaki kama visawe vyake.

(2) Hipuhopu litumike kwa utamaduni wote wenye viungo vyake, wala lisitumike kwa kuchana peke yake.

(3) Manju na umanju vitumike kwa yule anayetunga na kuutawala umati. Emsii abaki na harusi zake.

(4) Bongo Fleva libaki jina la jumla la muziki wa vijana wa Tanzania, wa kuimbwa na wa kuchanwa.

(5) Muziki wa kizazi kipya litumike tunapozungumzia historia ya miaka ile. Muziki wa kufokafoka liachwe.

Hatudai kwamba mapendekezo haya yamekamilika. Pendekezo la tatu hasa linahitaji kujaribiwa, kwa maana huenda wachanaji wa mjini wakaliona neno manju kuwa la wazee. Tunawaomba walimu wa Tabora, Shinyanga na Mwanza wawaulize manju walio hai katika maeneo yao jinsi wanavyoviita viungo vya ngoma zao: anayeanzisha, anayeitikia, anayejibu tusi, anayetunza mavazi, anayepima umati. Majina hayo mengi hayajaandikwa popote, na wenyewe wanazeeka. Watakayotuletea tutayachapa katika toleo lijalo, pamoja na maoni ya watakaotupinga.